Wizi Mbele ya Sheria: Namna Makosa Yanavyopangwa na Adhabu Zinavyotofautiana

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Simu ya mkononi yenye thamani ya shilingi 300,000 inaweza kumfikisha mtu gerezani kwa miezi michache, kwa miaka 7, kwa miaka 20 au kwa miaka isiyopungua 30. Simu ni ileile na bei yake haijabadilika. Kinachobadilika ni namna ilivyochukuliwa, mahali ilipochukuliwa, saa iliyochukuliwa na uhusiano uliopo kati ya aliyeichukua na mwenye mali.

Wananchi wengi hudhani kwamba sheria hupima wizi kwa thamani ya kitu kilichoibwa. Dhana hiyo ni sahihi kwa sehemu ndogo tu. Sheria ya Tanzania Bara hutazama kwanza mazingira ya tendo, kisha ndipo thamani ya mali ifikiriwe mahakama inapopanga adhabu. Ni muhimu jambo hili lifahamike, kwa kuwa jina la kosa linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ndilo linaloamua kama mshtakiwa anaweza kupata dhamana na atakabiliwa na adhabu ya kiwango gani.

Makala haya yanaeleza makosa ya wizi na yale yanayofungamana nayo kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Septemba, 1930 na ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Namba za vifungu zinazotajwa humu ni za Toleo la Marekebisho la mwaka 2022. Kwa kuwa namba huweza kupangwa upya kila sheria zinapofanyiwa urekebu, msomaji anayetaka kunukuu kifungu katika shauri lake ahakikishe analo toleo linalotumika. Kwa upande wa Zanzibar, makosa ya jinai husimamiwa na Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, ambayo haikuzungumziwa hapa.

Wizi ni nini?

Kifungu cha 258 kinaeleza kwamba mtu ameiba iwapo, kwa hila na bila ya kuwa na madai ya haki, amechukua kitu kinachoweza kuibwa, au amekigeuza kitu hicho kuwa kwa matumizi ya mtu mwingine asiye mwenye mali. Katika maelezo hayo mafupi yamo mambo matatu ambayo upande wa mashtaka hauna budi kuyathibitisha.

Jambo la kwanza ni kitu chenyewe. Kifungu cha 257 kinataja vitu vinavyoweza kuibwa, navyo ni vile vyenye mwenyewe na vinavyohamishika. Kitu kilichoshikamana na ardhi, kama vile mti au mazao yaliyo shambani, huingia katika kundi hilo pale kinapotenganishwa na ardhi ili kichukuliwe. Ardhi yenyewe haiibwi kwa maana ya kifungu hiki, ndiyo maana mgogoro wa mpaka wa shamba hupelekwa kwenye vyombo vya utatuzi wa migogoro ya ardhi na si kufunguliwa kama shauri la wizi. Wanyama wanaofugwa, pamoja na mazao yao, nao ni vitu vinavyoweza kuibwa.

Jambo la pili ni kuchukua. Sheria inasema mtu hahesabiwi kuwa amekichukua kitu mpaka awe amekisogeza au amesababisha kisogee. Umbali si hoja. Aliyeitoa pochi mfukoni mwa abiria na kuidondosha papo hapo baada ya kushtukiwa amekwisha kuisogeza.

Jambo la tatu ni dhamira, na hapa ndipo mashauri mengi husimama au huanguka. Mtuhumiwa awe alikusudia kumnyima mwenye mali kitu chake moja kwa moja, au kukiweka rehani, au kukitumia kwa namna ambayo hakitaweza kurudishwa kikiwa katika hali iliyokuwa nayo. Kuhusu fedha, sheria imekwenda mbali zaidi: anayechukua fedha za mwingine na kuzitumia apendavyo ametenda kwa hila hata kama alikuwa na nia ya kuzirudisha baadaye. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anayechota fedha za wanachama ili kulipa ada ya mtoto wake, akitumaini kuzirejesha mwisho wa mwezi, hawezi kujikinga kwa kusema kwamba alikuwa na nia njema ya kulipa. Wala haimsaidii kudai kwamba naye ni mwanachama na sehemu ya fedha hizo ni yake, kwa kuwa kifungu cha 263 kinaeleza wazi kwamba kuwa na hisa katika mali hakumzuii mtu kuhesabiwa kuwa ameiiba.

Yapo pia mambo yanayofanana na wizi kwa sura lakini si wizi mbele ya sheria. Mtu anayechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake hana hatia, kwa mujibu wa kifungu cha 9, hata ikija kubainika kwamba alikosea, mradi hakuwa na nia ya kulaghai. Vivyo hivyo, aliyeokota kitu asichomjua mwenyewe, na akawa na sababu za msingi za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana, hahesabiwi kuwa na hila. Lakini aliyeokota mkoba wenye kitambulisho cha mwenyewe ndani yake hana nafasi ya kutumia utetezi huo. Aidha, deni ambalo halijalipwa kwa wakati ni suala la madai. Kumshtaki mdaiwa polisi kwa kosa la wizi ili kumharakisha kulipa ni kuutumia vibaya mfumo wa jinai.

Adhabu ya jumla na makundi yenye adhabu kubwa zaidi

Kifungu cha 265 kinaweka adhabu ya jumla ya wizi, ambayo ni kifungo kisichozidi miaka 7. Adhabu hiyo hutumika pale ambapo hakuna kifungu kingine kinachotoa adhabu tofauti kutokana na mazingira ya wizi au aina ya kitu kilichoibwa. Kwa maneno mengine, kifungu cha 265 ni mlango wa kwanza, na vifungu vinavyofuata ni ngazi zinazopanda kutoka hapo.

Ngazi moja inahusu aina ya mali. Wizi wa mifugo, chini ya kifungu cha 268, una adhabu ya kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Miongoni mwa wanyama wanaohusika ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na ngamia, pamoja na ndama na watoto wa wanyama hao. Ukali huo unaeleweka kwa anayefahamu maisha ya wafugaji, ambao kwao zizi ndilo akiba, mtaji na urithi. Wizi wa wosia na wa vifurushi vya posta nao umetengewa vifungu vyake, yaani 266 na 267.

Ngazi nyingine inahusu mahali na namna. Kifungu cha 269 kinapandisha adhabu hadi miaka 10 pale ambapo kitu kimeibwa kutoka mwilini mwa mtu, ndani ya nyumba ya kuishi kikiwa na thamani inayozidi kiwango kilichowekwa na sheria, ndani ya chombo cha usafiri kinachobeba mizigo, au katika ofisi ya umma kilikohifadhiwa. Aliyefungua kwa ufunguo au kifaa kingine chumba au sanduku lililofungwa ili aibe naye anaingia katika kifungu hiki. Kwa hiyo simu iliyoachwa juu ya meza ya mgahawa na simu iliyochomolewa mfukoni mwa abiria wa daladala haziko katika uzito mmoja. Ya kwanza ni wizi wa kawaida. Ya pili ni wizi kutoka mwilini mwa mtu.

Ngazi ya tatu inahusu imani iliyovunjwa. Mtumishi wa umma anayeiba mali ya Serikali au mali aliyoipata kutokana na ajira yake anashughulikiwa na kifungu cha 270. Karani au mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake anaangukia kifungu cha 271, mkurugenzi au ofisa wa kampuni kifungu cha 272, na wakala aliyekabidhiwa mali au fedha kwa kazi maalumu kifungu cha 273. Katika makosa haya, adhabu ya juu huwa kati ya miaka 10 na 14. Mantiki yake ni kwamba aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala hahitaji kuvunja mlango, na mwenye mali hana namna ya kujilinda dhidi ya mtu aliyemwamini. Vilevile, aliyekwisha kutiwa hatiani kwa wizi na kurudia kosa anaweza kukabiliwa na adhabu kubwa zaidi chini ya kifungu cha 275.

Kuvunja nyumba

Katika lugha ya kila siku, kuvunja nyumba ni kubomoa mlango, kukata nondo za dirisha au kutoboa ukuta. Katika sheria, maana yake ni pana zaidi. Kifungu cha 293 kinamhesabu kuwa amevunja mtu anayefungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta, kuinua au kwa njia nyingine yoyote, hata kama halikufungwa kwa kufuli. Mlango uliorudishiwa tu, ukisukumwa na mtu mwenye nia ya kutenda kosa ndani, umevunjwa kwa tafsiri ya sheria.

Anayevunja na kuingia katika nyumba ya kuishi kwa nia ya kutenda kosa anakabiliwa, chini ya kifungu cha 294, na kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Tendo hilohilo likifanyika usiku, kiwango hupanda hadi miaka 20. Kanuni ya Adhabu imeeleza usiku ni nini: ni muda kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa sababu hiyo, saa ya tukio si maelezo ya ziada katika taarifa ya polisi. Tofauti ya nusu saa inaweza kuwa tofauti ya miaka 6 katika kiwango cha juu cha adhabu. Uvunjaji wa maduka, maghala, shule na ofisi una kifungu chake, namba 296.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba uvunjaji na wizi ni makosa mawili. Mtu anaweza kushtakiwa kwa kuvunja nyumba hata kama hakufanikiwa kuchukua chochote, na akiwa amechukua, hati ya mashtaka huweza kubeba makosa yote mawili.

Unyang'anyi

Mpaka kati ya wizi na unyang'anyi ni nguvu au tishio la nguvu. Kifungu cha 285 kinasema mtu ametenda unyang'anyi pale anapoiba na, wakati huo, au mara tu kabla au baada ya hapo, akatumia au akatishia kutumia nguvu dhidi ya mtu au mali ili apate kitu anachokiiba, akibakishe mikononi mwake, au azuie upinzani. Mkwapuaji anayempiga mwenye simu ngumi ili aiachie amekwisha kutoka katika wizi na kuingia katika unyang'anyi.

Hatua ya juu zaidi ni unyang'anyi wa kutumia silaha, uliowekwa katika kifungu cha 287A. Hapa mhalifu awe na silaha au kifaa cha hatari na awe ametumia au ametishia kutumia nguvu dhidi ya mtu. Silaha si bunduki pekee. Panga, kisu na nondo vinatosha. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko au bila viboko. Msomaji azingatie maneno hayo, kwa sababu yanatofautiana na maneno ya vifungu vilivyotangulia. Katika wizi wa kawaida, miaka 7 ni dari ambayo hakimu hawezi kuipita. Katika unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30 ni sakafu ambayo hakimu hawezi kushuka chini yake, hata kama kilichochukuliwa ni simu ya bei ndogo au mkoba mtupu. Sheria imelitenga pia kosa la unyang'anyi wa kundi katika kifungu cha 287C.

Unyang'anyi wa kutumia silaha una tofauti nyingine kubwa: hauna dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinautaja pamoja na mauaji na uhaini miongoni mwa makosa ambayo mshtakiwa hubaki mahabusu hadi shauri lake litakapoamuliwa. Hivyo mlalamikaji anayeongeza panga ambalo halikuwepo katika maelezo yake, kwa hasira au kwa kutaka kesi iwe nzito, anamweka mtu mahabusu kwa tuhuma ambayo haikutokea, na huku akiihatarisha kesi yake mwenyewe, kwa kuwa ushahidi usiolingana na hati ya mashtaka huweza kumwachia huru hata aliyeiba kweli. Kutoa taarifa za uongo kwa ofisa wa umma ni kosa la jinai linalojitegemea.

Mnunuzi wa mali ya wizi

Eneo ambalo wananchi wengi hujikuta matatani bila kutarajia ni ununuzi wa vitu vilivyokwisha kutumika. Kifungu cha 311 kinamtia hatiani anayepokea au kubaki na mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inaweza kufika miaka 10, yaani zaidi ya kiwango cha juu cha wizi wa kawaida. Sheria inatambua kwamba wizi hustawi pale penye soko.

Maneno "sababu ya kuamini" yana uzito. Anayenunua simu kwa robo ya bei yake, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, usiku, bila risiti wala maelezo ya ilikotoka, hawezi kujitetea kirahisi kwamba hakuwa na habari. Mahakama hutumia pia kanuni ijulikanayo kama ya kupatikana na mali iliyoibwa karibuni. Kwa kanuni hiyo, mtu anayekutwa na kitu muda mfupi baada ya kuibwa, na akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji. Hata hivyo, ni lazima kwanza ithibitike kwamba kitu kilikutwa kwake, ni mali ya mlalamikaji, kiliibwa karibuni na ndicho kinachotajwa katika hati ya mashtaka.

Kujipatia mali kwa udanganyifu, chini ya kifungu cha 302, ni kosa la karibu na wizi lakini si lilelile. Hapa mwenye mali huitoa mwenyewe kwa hiari baada ya kudanganywa, kama inavyotokea kwa anayelipia kiwanja kisichokuwepo. Adhabu yake ya juu ni miaka 7.

Mahakama hufikaje kwenye adhabu

Viwango vilivyotajwa katika vifungu vingi ni vya juu kabisa, na si kila anayetiwa hatiani hupewa kiwango hicho. Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri mengi ya wizi mdogo husikilizwa, kwa kawaida haiwezi kutoa kifungo kinachozidi miezi 12. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi kwa kawaida haziwezi kuvuka miaka 5 kwa kosa moja, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyawekea viwango maalumu. Baadhi ya makosa hayo, ukiwemo wizi wa mifugo na unyang'anyi, yametajwa katika Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu, Sura ya 90.

Ndani ya mipaka hiyo, hakimu huangalia kama mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, kama alikiri kosa mapema, kama mali imepatikana, na madhara aliyoyapata mlalamikaji. Kifungo si njia pekee. Mahakama inaweza kutoza faini, kumwachia mkosaji kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpa adhabu ya kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 2002 pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Inaweza pia kuamuru fidia ilipwe na mali irudishwe kwa mwenyewe. Mlalamikaji ana haki ya kuiomba mahakama fidia, na ni vyema alete uthibitisho wa hasara aliyoipata.

Kwa watoto, utaratibu ni tofauti. Mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Mwenye umri wa kati ya miaka 10 na 12 huwajibika tu ikithibitika kwamba alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa alichokifanya hakikustahili kufanywa. Sheria ya Mtoto, Sura ya 13, inakataza kumhukumu kifungo mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Mashauri yao husikilizwa na Mahakama ya Watoto.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kwa hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi katika mashauri yaliyoanzia huko, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45.

Ukelele wa "mwizi!"

Sheria imeyapanga makosa haya kwa makini, kuanzia wizi wa kawaida hadi unyang'anyi wa kutumia silaha, na hakuna hata moja kati ya yaliyoelezwa humu ambalo adhabu yake ni kifo. Hata hivyo, watu wamepigwa hadi kufa au kuchomwa moto mitaani kwa tuhuma ya kuiba simu, kuku au pikipiki. Wengine hawakuwa wezi. Walifananishwa tu, au walikuwa wapita njia waliokimbia kwa hofu.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Anayeshiriki kumuua mtuhumiwa, awe ndiye aliyerusha jiwe la kwanza au aliyeleta tairi na petroli, anaweza kushtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake chini ya kifungu cha 197 ni kunyongwa hadi kufa. Hasira haimkingi mtu asishtakiwe, na wingi wa washiriki haugawi kosa likawa dogo kwa kila mmoja.

Mwananchi hakuachwa bila uwezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti kwamba amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa. Mamlaka hayo yanaishia hapo: ni kukamata na kukabidhi. Kuadhibu ni kazi ya mahakama peke yake.

Mambo ya kuzingatia unapoibiwa

Toa taarifa mapema katika kituo cha polisi kilicho karibu na uhakikishe unapewa namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, maarufu kwa jina la RB. Eleza tukio kama lilivyotokea: saa, mahali, mwanga uliokuwepo, kilichofanywa na kila mtu, na kama kulikuwa na silaha au la. Usipunguze wala usiongeze. Kulipa jina la kisheria tukio hilo si kazi yako. Ni kazi ya wapelelezi na waendesha mashtaka.

Taja alama zinazotambulisha mali yako. Kwa simu, namba ya utambulisho hupatikana kwa kubonyeza *#06#, na inafaa iandikwe na kuhifadhiwa mahali pengine kabla simu haijaibwa. Kwa mifugo, alama na rangi zielezwe kikamilifu. Hifadhi risiti, kwa kuwa mashauri mengi hukwama pale mlalamikaji anaposhindwa kuthibitisha kwamba kilichokamatwa ndicho kilichokuwa chake na si kingine kinachofanana nacho.

Kesi ikifikishwa mahakamani, mashtaka ni ya Jamhuri na mlalamikaji huwa shahidi. Asipofika kutoa ushahidi, shauri linaweza kufutwa, na mtuhumiwa huachiwa si kwa sababu mahakama imempendelea bali kwa sababu hakuna ushahidi uliotolewa dhidi yake. Sheria inautaka upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi.

Kwa upande wa anayetuhumiwa, anayo haki ya kuelezwa sababu za kukamatwa kwake, ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kwa makosa ya kawaida au kupewa dhamana ya polisi, na ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Dhamana haitozwi fedha kituoni. Polisi wanapopekua na kuchukua mali, wanapaswa kutoa hati inayoorodhesha vilivyochukuliwa, ikiwa na saini ya mwenye eneo na ya shahidi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Makala haya yametolewa kwa madhumuni ya elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili katika shauri mahususi. Wananchi wenye maswali kuhusu mashauri yao wanashauriwa kufika kituo cha polisi kilipofunguliwa jalada, mahakama inayosikiliza shauri husika, au Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyo karibu nao.